Kusaini kwa Imani

Mzee Harrison hakutia saini kitu chochote. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa nilipoanza kazi katika nyumba ya Anko Alfred huko Hopkins, ughaibuni. Nyumba yenyewe ukiipita barabarani hutaitambua: ya ghorofa moja, ina gereji, na kibao cha kukaribisha wageni mlangoni. Ndani wanaishi wazee watano, na sisi tunawatunza kwa zamu. Tunawaogesha, tunawapikia, tunawapa dawa, na tunawageuza wale wasioweza kujigeuza.

"Fomu zake zote husainiwa na mpwa wake," Perpétue aliniambia siku hiyo ya kwanza. Yeye ni mama wa Kikongo, ametoka Uvira, na ndiye aliyekuwa akinipokea zamu saa tisa alasiri. "Hata kadi ya birthday ya Anko wako aliikataa. Sisi wote tuliandika majina, yeye akachora ua."

"Kwani hajui kuandika?"

"Mais non! Kila asubuhi anajaza chemshabongo ya gazeti, tena kwa kalamu ya wino. Saini tu ndiyo hataki. Labda saini yake ya mwisho ilikuwa ya ndoa."

Mzee alikuwa na miaka tisini na mitano. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi, mikono yake mikubwa ikitetemeka kidogo, na masikio yake hayakusikia simu hata ukipaza sauti. Sisi Waluhya wa nyumba ile tulimwita Kuka, yaani babu, naye akalipenda jina hilo hata akawa haitiki lingine. Mimi aliniita Lynn, ingawa jina langu ni Lynette.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada mpya ya afya ya jamii kutoka nyumbani Kenya. Nilikuwa nikisubiri majibu ya shule ya uuguzi. Niliamini kwa dhati kwamba mtu akitunzwa vizuri miezi yake ya mwisho, maisha yake yote yanapata heshima. Bado naamini hivyo. Lakini kulikuwa na ile karatasi.

Nyuma ya kila mlango wa chumba tulibandika karatasi ya ukaguzi. Kila saa moja mfanyakazi anapaswa kuingia, amtazame mzee, aandike hali yake, kisha atie saini. Asubuhi mpaka alasiri unakuwa peke yako na wazee watano. Kwa hiyo baada ya mwezi mmoja nikawa nimejifunza kile ambacho wengine wote walikuwa wakifanya. Saa mbili asubuhi, kalamu ikiwa mkononi, unashuka na safu yote: *amelala, anapumua vizuri, amelala, anapumua vizuri*, saini, saini, mpaka mwisho wa zamu. Tulikuita kusaini kwa imani. "Mimi nimesaini, Bwana ataangalia," Perpétue alikuwa akisema, nasi tunacheka.

Mwishoni mwa Januari, Kuka alinikuta. Nilidhani yuko sebuleni na gazeti lake, kumbe amejikokota na kigari chake cha kutembelea mpaka nyuma yangu.

"Saa ngapi sasa, Lynn?"

"Saa mbili na robo, Kuka."

"Hapo umeandika saa nane mchana."

Nikacheka. "Ni karatasi tu. Nitakuja kukuangalia, usijali."

"Hujui kama nitakuwa napumua saa nane mchana." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ifute. Ifute mbele yangu."

Nilifuta. Alisimama pale akishika kigari, akitweta, mpaka nilipomaliza mstari wa mwisho. Kisha akarudi chumbani na hakunisemesha siku mbili.

Siku ya tatu nilipokuwa nikimkata kucha, alianza kuongea bila kuniangalia.

"Nilikuwa fundi wa ndege. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa hamsini, mwezi wa pili."

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka mitano kasoro, alisema, na jeti zilikuwa kitu kipya. Hata waliokuwa wakifundisha walikuwa bado wanajifunza. Marubani waliorusha ndege za panga boi, zile za mapanga yanayozunguka, vitani waliletwa kwenye uwanja wao wa jeshi kuzoezwa upya, na mmoja wao alikuwa Luteni Ostlund. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa mji wa jirani hapa, Saint Paul, mke wake mjamzito.

"Kwenye pua ya ndege ile kuna vifuniko viwili, vinafunguka kwa juu kama boneti ya gari," Kuka alisema. "Marubani walikuwa wakiweka mizigo yao humo. Jana yake Luteni alikuwa ameniomba nimwekee mfuko wake wa nguo. Nikauweka. Makomeo sikuyafunga, kwa sababu kulikuwa na baridi ambayo sijawahi kuiona tena. Chuma kinashika ngozi. Ukivaa glavu huwezi kulihisi komeo, na ukizivua, ngozi ya kidole inabaki pale. Nikasema nitayafunga asubuhi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikaingia ndani, kwenye jiko la mafuta, nikaijaza fomu yote ya ukaguzi nikiwa nimekaa. Kila mstari. *Vifuniko vya puani: vimefungwa.* Nikatia saini. Nikaiacha kwenye meza ya marubani, nikasema nikimaliza kahawa nitatoka nikavifunge." Alivuta mkono wake kutoka kwangu akautazama. "Luteni akaingia kwa mlango ule mwingine. Akaisoma fomu, akaona jina langu, akaenda. Nikasikia injini."

"Hukukimbia?"

"Hapana. Nilijiambia labda nilivifunga jana. Mtu anaweza kujidanganya kwa sekunde kumi, Lynn, na sekunde kumi zinatosha."

Ndege ilipaa, na ilipopata mwendo, upepo ukaviinua vile vifuniko. Ikayumba, ikapinduka, ikaanguka kwenye kinamasi cha mtoni upande wa mji wa Savage, juu ya barafu. Ikawaka. Kisha barafu ikayeyuka chini ya moto na kila kitu kikazama.

Niliacha kukata kucha.

"Uchunguzi ulifanyika," aliendelea. "Wakaniuliza, vifuniko ulivifunga? Nikasema, saini yangu hiyo hapo. Nilikula kiapo, mkono wangu juu ya Biblia. Basi wakaandika kwamba Luteni aliifungua pua mwenyewe ili aweke mfuko wake, akasahau kuifunga. Uzembe wa rubani. Gazeti likaandika hivyo hivyo."

"Kuka..."

"Subiri, sijamaliza. Nilichaguliwa niwe mmoja wa wabeba jeneza. Walichokipata kwenye kinamasi kilikuwa chepesi mno, kwa hiyo wakaongeza mifuko ya mchanga ili familia isijue. Tulipokuwa tukipanda ngazi za kanisa nilisikia mchanga ukihama ndani. Na baada ya ibada mke wake akaja na tumbo lake, akanishika mkono. Akaniomba msamaha. Akasema anasikitika kwamba mume wake aliiharibu ndege niliyoitunza vizuri."

Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu kwenye ua wa jirani. Nilichukua kitambaa cha maji moto nikamfuta vidole kimoja kimoja, maana sikujua lingine la kufanya.

Alipotoka jeshini alitafuta kazi kwenye maghala ya nafaka huko Savage, akaifanya miaka thelathini na moja, na kinamasi kile kikiwa mbele yake kila siku ya kazi. Hakuoa. Mtoto wa Luteni alizaliwa msichana, jina lake Velma, na Kuka alijua maisha yote anakoishi. Sasa alikuwa Oakdale, upande wa pili wa Saint Paul, chini ya saa moja kwa gari.

"Nataka aje," alisema. "Nataka kumwambia uso kwa uso, na nimpe karatasi ya kupeleka jeshini wabadilishe maandishi yao. Utaandika wewe, mimi nitasaini."

"Utasaini?"

"Mbele yake. Aone mkono wangu ukiandika."

Nilimwambia Anko Alfred. Aliguna tu. "Mambo ya Wazungu na jeshi lao, ya kabla babu yako hajavaa viatu! Andika barua yake, lakini usiache kazi kwa ajili ya hadithi." Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kulala kwenye kochi la nyumba ile miezi minane ili chumbani kwake akae mzee.

Velma nilimtumia kadi. Niliandika alivyoniambia Kuka: *Niliitunza ndege ya baba yako. Nina jambo la kukuambia. Tafadhali njoo.* Baada ya siku nne simu ya nyumba ililia, na sauti ya mwanamke mzee ikauliza maswali mawili tu: yule mtu bado ana akili zake, na aje lini. Tukapatana Jumamosi, saa nane mchana.

Wiki ile tuliandika kila siku. Kuka alisema maneno, mimi nikayaandika kwenye daftari, kisha nikamsomea. Alinisimamisha kila mahali. Halijoto ya siku ile haikuwa hiyo. Makomeo yalikuwa sita, si manne. "Leo utaisoma, kesho utaisoma, na keshokutwa," alisema. "Sisaini nisichokikagua." Na mimi, wiki mbili nzima tangu aliponikuta, nilikuwa nikikagua kila mlango saa kwa saa na kutia saini papo hapo. Miguu iliniuma, lakini nilijiona mtu safi.

Alhamisi asubuhi Kuka alijaza nusu ya chemshabongo, akala uji, akasikiliza barua mara ya mwisho. "Hapo sawa," alisema. "Sasa ipige chapa vizuri, nakala tatu."

Kompyuta na mashine ya kuchapa viko chini, kwenye besimenti, karibu na mashine za kufulia. Baada ya chakula nikamlaza, nikafunika miguu yake. Ilikuwa saa sita na nusu. Nikatazama karatasi mlangoni. Kushuka, kupanda, kushuka tena, na nguo za wazee zilikuwa zinasubiri kukaushwa. Nikachukua kalamu nikaandika mistari miwili tu. Saa saba: *amelala, anapumua vizuri.* Saa nane: *amelala, anapumua vizuri.* Nikatia saini zote mbili. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake.

Mashine ya kukaushia ina kelele kama lori la mawe. Nilipiga chapa, nikakosea, nikarudia. Wino ulikwisha nikabadilisha. Niliposikia mlango wa juu ukifunguka, ilikuwa Perpétue anaingia kazini, na saa ilikuwa inakaribia tisa.

Kuka alikuwa sakafuni kati ya kitanda na dirisha. Damu ya kichwani ilikuwa imeshakauka kwenye zulia, na suruali yake ilikuwa imelowa na kupoa kabisa. Mguu mmoja ulielekea kusikopaswa. Macho yalikuwa wazi, lakini nilipomwita hayakunifuata.

Bibi wa chumba cha pili alikuwa amekaa kitandani mwake amekumbatia mto. "Alikuwa anaita," aliniambia. "Lynn, Lynn. Muda mrefu. Nilidhani unakuja."

Gari la wagonjwa lilimchukua. Hakusema neno tena. Ijumaa alfajiri hospitali ilipiga simu kwamba amefariki.

Ijumaa hiyo hiyo tulikaa jikoni, mimi, Anko na Perpétue. Anko alikuwa amekwisha kupeleka taarifa ya kuanguka, kama sheria inavyotaka, na kwenye taarifa alikuwa amenakili kutoka karatasi ya mlangoni kwamba saa nane mzee alionekana amelala salama. Yaani ameanguka baada ya hapo.

"Hakuanguka baada ya hapo," nilisema. "Sikumtazama tangu saa sita na nusu."

Anko akakunja mikono. "Binti yangu, sikiliza. Mzee wa miaka tisini na mitano ameanguka. Wameshaandika hivyo hata hospitalini, wamefunga faili. Wewe uki-report karatasi, wakaguzi wa county watakuja, watatoa zote, za kila mlango, za miaka mitatu. Wataona nini?"

Perpétue akainamisha kichwa.

"Watafunga," Anko alisema. "Hawa wanne waliobaki watapelekwa wapi? Yule bibi wa chumba cha pili anajua mahali pa choo hapa tu."

Nakala tatu za barua zilikuwa mezani mbele yetu, safi, na mstari mtupu chini kabisa.

Perpétue akaivuta moja karibu. "Mdogo wangu," alisema polepole, "yeye alitaka kusaini. Sivyo? Maneno ni yake. Ni ya kweli kabisa. Andika wewe jina lake. Nani anajua saini yake, mtu ambaye hakusaini miaka sabini na zaidi? Ce n'est pas un péché, si dhambi. Unamsaidia."

Nakiri kwamba nilichukua kalamu. Niliishika muda. Pale mlangoni kulikuwa na karatasi ya uongo yenye saini, na pale mezani karatasi ya kweli isiyo nayo, na kosa la zote mbili lilikuwa langu. Kisha nikaiweka.

"Basi vizuri," Anko akasema. "Usiisaini yake. Andika yako. Andika wewe mtunzaji wake umemsikia akisema haya, akiwa na akili timamu. Hiyo ni ushahidi. Lakini fikiria jambo moja. Watu wa jeshi watauliza, huyu Lynette ni nani? Kama wewe ni mfanyakazi mzuri, watasikiliza. Kama ni yule aliyesaini karatasi bila kumtazama mzee mpaka akafa, nani ataamini kalamu yako? Huyo mama wa Oakdale atapoteza mara ya pili. Kwa hivyo kama unampenda mzee wako, nyamaza na hiyo karatasi."

Ubaya wa maneno yake ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani. Niliyachukua nikaenda nayo chumbani kwangu. Niliomba. Nilitaka kumpigia Velma simu asije, na kila niliposhika simu niliirudisha. Sikumpigia. Huo nao ni woga wangu, sina jina lingine la kuupa.

Jumamosi, saa nane kasoro dakika tano, gari dogo la buluu likasimama nje. Mwanamke mrefu akashuka, amevaa viatu vya theluji na kushika fimbo. Alipangusa viatu vyake mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa mkono mwingine alikuwa amekumbatia bahasha kubwa.

"Nimekuja kumwona Bwana Harrison," alisema.

Nilimwambia hapo hapo mlangoni kwamba amefariki. Hakulia. Alishika fremu ya mlango, akauliza, "Lini?" nami nikamjibu, jana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita.

Anko alimletea kiti jikoni, akampa chai. Nilimpa barua. Alivaa miwani akasoma kurasa zote mbili bila kuinua macho. Alipomaliza akarudi kwenye ukurasa wa pili, akausoma tena, kisha akafungua ile bahasha. Ndani kulikuwa na picha: kijana amevaa koti la ngozi, anacheka na mtu ambaye hakuonekana pichani.

"Nilitaka aitambue," Velma alisema. "Nilitaka mtu mmoja aliyemjua aniambie, ndiyo, huyu ndiye." Akaiweka picha juu ya meza. "Mama yangu hakuniruhusu kuitundika. Nikiacha mlango wazi, nikiacha lango la kuku wazi, nikiacha hata droo, alikuwa akisema: wewe kweli ni mtoto wa baba yako. Alikufa akiwa na miaka themanini na mbili, na hilo lilikuwa bado kinywani mwake."

Perpétue, aliyekuwa amekuja mapema siku hiyo, alizima jiko.

"Hii ina tarehe ya Alhamisi, lakini haina saini," Velma alisema.

"Hapana, mama."

"Alhamisi asubuhi aliweza kushika kalamu?"

"Ndiyo. Alijaza chemshabongo."

"Basi mimi nimechelewa kwa siku mbili."

Anko akanitazama. Akasema kwa Kiswahili, sauti yake laini, uso wake ukitabasamu kwa ajili ya mgeni, "Lynette, mpe pole, umwambie utamwandikia ushahidi. Ishia hapo. Tafadhali, mama."

"Anasema nini?" Velma akauliza.

"Anaogopa kwa ajili ya wazee wa nyumba hii," nilijibu. "Na hujachelewa. Mimi ndiye..." Nikamwambia yote. Nikamwambia karatasi ya mlangoni ni nini, kusaini kwa imani ni nini, mistari miwili ya saa saba na saa nane, besimenti, kelele za mashine, na bibi wa chumba cha pili. Nikamwambia nilikuwa naipiga chapa hii hii barua. Nikamwambia alikuwa akiniita.

Velma alivua miwani. Akaikunja, akaiweka juu ya picha ya baba yake.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Alikuwa amekusimulia. Ulijua saini ya namna hiyo inafanya nini, na bado ukaiandika."

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Yeye alikuwa na kumi na tisa," alisema. Sikujua kama alikuwa ananihukumu au anahesabu tu.

Anko alisimama. Sasa alisema kwa Kiingereza, ili asikie. Alimweleza kile alichonieleza mimi, kwa heshima, bila kuficha: kwamba ushahidi wangu ukienda pamoja na kosa langu utadharauliwa, na kwamba yeye Velma ndiye atakayeumia. Velma akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana Alfred," akamwambia, "nimeishi miaka sabini na tano chini ya karatasi iliyosainiwa na mtu ambaye hakutazama. Unataka nipeleke nyingine?"

Anko alichukua koti lake nyuma ya mlango, akasimama amelishika. "Nina wazee wanne, Lynette," alisema kwa Kiswahili. "Wanne." Kisha akatoka nje, tukamsikia akipiga koleo kwenye barafu ya ngazi, mahali ambapo hapakuwa na barafu tena.

"Andika," Velma akaniambia. "Yote mawili. Anza na lako. Wakiitupa, waitupe ikiwa nzima."

Perpétue aliniletea daftari. Nikaanza. Niliandika jina langu na kazi yangu, niliandika Alhamisi, niliandika karatasi ya mlangoni. Kisha nikafika kwa Luteni, na hapo nikakumbuka jambo ambalo Kuka alinisimulia lakini alinikataza kuliweka kwenye barua, kwamba halifai kwa jeshi. Nikasita.

"Kuna neno moja zaidi," nilimwambia Velma. "Baba yako alipoiona ile fomu, alichungulia kwenye chumba chenye jiko. Alisema, asante Harrison, kaa na moto. Kisha akaenda."

Alifunga macho. Kwa mara ya kwanza akafanana na kijana wa kwenye picha.

"Liandike hilo," alisema. "Kwa ajili yangu, si kwa ajili yao."

Nililiandika. Nilipomaliza nilimsukumia daftari. Alivaa miwani tena, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akasimama kwenye wa tatu. Akaweka ukucha wake chini ya maneno.

"Hapa umeandika kwamba ulichelewa kumtazama."

"Ndiyo."

"Ulichelewa?"

Nilitazama maneno yangu. Nikayakata kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika: *sikwenda kumtazama.* Hakusema ni vizuri, wala hakunishika mkono. Aliendelea kusoma kutoka pale, polepole, neno kwa neno, nami nikakaa nikisubiri na kalamu, bila kutia saini, mpaka afike mwisho.